Siku ya Tisini ya Trei

Benchi letu liko Ukunda, nyuma ya stendi, kati ya kibanda cha kuchaji simu na ukuta ambao kila mgombea ameubandika uso wake na hakuna aliyerudi kuubandua. Mimi ndiye muuza kahawa. Dele ni langu, jiko ni langu, na benchi lenyewe nililipigilia misumari kwa mkono wangu, kwa hiyo anayeona nawasema vibaya wateja wangu akatafute pengine pa kukaa. Wananiita Mzee Mashapo, kwa sababu kikombe cha mwisho cha dele huwa na mashapo na sijawahi kumpunguzia mtu bei. Alasiri ile ya mwisho wa mwezi wa sita walikuwepo wanne wa siku zote. Chome, tunayemwita Betri, mwenye kibanda cha kuchaji, mtu anayejua kila kitu ila kunyamaza. Mwinga wa bodaboda, tunayemwita Breki kwa kuwa pikipiki yake haina. Gedion, kijana wa Kitui, mhudumu wa hotelini, huyo tumemwita Bara na ameshazoea. Na Alamin, tunayemwita Trei, maana miaka ishirini na miwili amebeba trei katika hoteli za Diani na sijasikia mtu akisema aliwahi kuangusha hata kijiko. Trei alikuwa ameilaza simu juu ya goti. Ilikuwa siku yake ya tisini.

Hizo siku tisini lazima nizieleze, au mtatuona wendawazimu. Zamani vibarua wa hotelini waliitwa na kapteni mmoja, Nahashon, naye aliita aliyempenda, na aliwapenda zaidi waliomletea kuku. Mwezi wa kwanza mwaka huu hoteli zikamwondoa, zikaikabidhi kazi hiyo programu ya simu. Ina jina refu la kampuni, sisi tunaiita Bi Zamu. Kila siku saa kumi na nusu alasiri Bi Zamu huchagua watakaofanya kazi usiku na kesho yake. Ukiitwa, unabonyeza kijani kukubali au nyekundu kukataa. Naye huangalia nani anakubali, nani anakataa, nani anawahi, na kila Jumapili hujipanga upya kwa aliyojifunza wiki hiyo. Ukipita siku tisini bila zamu hata moja, jina linafutwa, na mlango mwingine wa kuingilia hotelini hakuna.

Ilikuwa saa kumi na dakika tano.

Betri: Trei, hebu nipe simu nikuangalizie chaji.

Trei: Ina chaji.

Betri: Mtandao?

Trei: Upo.

Breki: Basi tatizo si simu. Tatizo ni Chale.

Mimi: Kisiwa nacho kimekukosea nini?

Breki: Mashine yenyewe iko kule, chini ya hoteli. Inapozwa na maji ya bahari. Nilimbeba fundi mmoja mpaka ng'ambo ya Chale, na begi zima la nyaya. Maji yakijaa mashine inapoa, inaita watu kwa haki. Maji yakipwa inapata joto, inaita watu wa bara.

Gedion: Manze Breki, mimi na maji kupwa tumepatania wapi?

Breki: Jana saa kumi na nusu maji yalikuwa wapi? Nje. Nani aliitwa? Wewe.

Gedion: Na juzi je? Juzi yalikuwa yamejaa na bado niliitwa.

Breki: Juzi ilikuwa haijapoa sawasawa.

Nilimmiminia Trei kikombe bila kuulizwa. Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakiweka chini bila kukinywa. Hilo likaniudhi kuliko upuuzi wa Breki, kwa sababu mtu wa heshima akianza kuacha kahawa ipoe, basi ameshakata tamaa na anakuficha wewe tu.

Betri: Chale ni uongo. Sikizeni mimi nishikaye simu za watu mchana kutwa. Bi Zamu anasikiliza. Simu ya Trei huzimwa sauti mara tano kwa siku. Yeye akiwa ndani humo anajiuliza, huyu baba kila baada ya saa chache anajificha wapi? Mwizi? Ana mke wa pili?

Breki: Hata mimi nazima sauti.

Betri: Wewe huzimi, simu yako imevunjika spika.

Breki: Basi ni Nahashon. Wallahi ni Nahashon. Walipomfukuza hawakumfukuza, walimtia ndani ya mashine. Yumo humo, anatafuta kuku wake.

Gedion: Nahashon yuko kwao Nyamira anafuga nyuki, wasee. Nimeongea naye.

Breki: Uliongea na sauti.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja, mtu mzima, amejitanda leso, amebeba mzigo mzito uliofungwa kwa leso nyingine. Akatusalimu vizuri, nasi tukajibu. Breki akaruka akampa nafasi kwenye benchi na shikamoo juu yake. Yule kijana adabu anayo, akili ndiyo anatafuta. Mama akasema yeye ni Mishi, muuza korosho na unga wa muhogo sokoni Msambweni, anangoja gari la kurudi, na kama kahawa ipo atashukuru. Mzigo akauweka kwenye paja lake mwenyewe, hakukubali uwekwe chini. Nikammiminia. Dele lilikuwa limeshaanza kuwa jepesi.

Trei akasema, kama mtu anayejibu swali la jana.

Trei: Msimwonee Bi Zamu. Mwanzoni alikuwa na haki.

Betri: Haki gani?

Trei: Nilikuwepo ukumbini mwezi wa kwanza. Yule msichana wa kampuni, Maryanne, alituonyesha ukutani. Wanawake na wanaume, Waislamu na Wakristo, wa hapa na wa bara, vijana na sisi wazee, fimbo zote za mchoro zilikuwa urefu mmoja. Alisema wameipima na haimpendelei mtu. Sikuamini. Nikaenda nyumbani nikangoja. Nikaitwa mara nne wiki ile, na bila kuku. Nilisujudu, Mzee Mashapo. Wewe wajua nilisujudu.

Mimi: Najua. Nilikuletea kashata.

Trei: Basi hakuwa mwongo. Wala mashine haikuwa mwongo. Ndiyo maana sijui nimkasirikie nani.

Saa kumi na robo. Gedion alikuwa anakwaruza kucha kwenye ubao wa benchi langu, na nikamwacha, kwa sababu nilijua linalomkera.

Gedion: Ilikuwa Ramadhani. Mimi nasema wazi. Ilikuwa ile Ramadhani.

Mishi: Ramadhani imefanya nini, mwanangu?

Gedion: Mama, sisi hotelini tulikuwa na mpango wetu, kutoka zamani, kabla hata sijakuja. Ramadhani Waislamu hawachukui zamu za jioni. Wanafuturu, wanaenda tarawehe. Sisi Wakristo tunawashikia mwezi mzima. Halafu Krismasi tunaenda nyumbani kuona wazazi, wao wanatushikia. Trei amenishikia Krismasi sita. Hakuna mtu aliandika mahali. Hata Nahashon na kuku zake aliuheshimu huo mpango.

Mishi: Mpango mzuri.

Gedion: Sasa Bi Zamu aliingia Januari. Krismasi ilikuwa imeshapita. Kitu cha kwanza kuona ni Ramadhani. Akaona Trei anabonyeza nyekundu kila jioni, na mimi nabonyeza kijani kila jioni. Akajua yule hataki kazi na huyu anataka. Nusu ya pili hajaiona.

Mishi: Si ataiona Krismasi ikifika?

Gedion: Trei hatakuwepo kwa orodha, Mama. Anafutwa leo.

Sikuwahi kuisikia imepangwa hivyo, hatua kwa hatua, na nilitamani Gedion asingekuwa na akili kiasi hicho. Trei alikuwa anatazama kioo cha simu. Hakukuwa na kitu juu yake ila saa na picha ya binti yake siku alipomaliza chuo cha uuguzi.

Betri: Angeandika tu kwamba amefunga.

Trei: Hakuna kitufe cha kufunga. Kuna kijani na kuna nyekundu. Niliomba zamu za asubuhi, hakuna pa kuombea. Nikapiga simu kampuni, nikapokewa na mashine nyingine, ikanishukuru.

Betri: Mimi na yeye tulikwenda mpaka kwa meneja. Akatuonyesha karatasi imetiwa fremu. Imeandikwa programu hii imepimwa na ni ya haki kwa wote. Mhuri wa mwezi wa kwanza. Akasema, mnataka nini zaidi?

Breki: Ile ya mwezi wa kwanza ilikufa.

Mimi: Nani alikufa?

Breki: Bi Zamu wa kwanza. Mwasema kila Jumapili anajipanga upya? Hajipangi. Anazaa, halafu anakufa. Jumatatu tunaamkia mtoto wake. Huyu wa sasa ni kitukuu cha vitukuu. Hamjui Trei. Karatasi ya fremu ni ya bibi yake.

Nilimwangalia Breki. Katika mwaka mzima wa kusema ovyo, nadhani siku ile aliisogelea kweli, na hakujua. Betri akataka kumcheka, akashindwa.

Betri: Hata hivyo Ramadhani peke yake isingemfikisha hapa. Wenzake wengine waliitwa baada ya Idi, mara moja moja. Kilichomwua ni zile siku tatu.

Akasita. Wote wakanitazama, kisha wakaangalia pembeni, na hiyo adabu yao ikaniuma zaidi. Basi niseme mwenyewe, maana wao hawatasema. Zile siku tatu zilikuwa wazo langu.

Wiki moja baada ya Idi, Trei na wenzake saba wa msikiti wetu walikaa benchini hapa wakilia kwamba toka Idi wamepata zamu moja moja tu. Nikawaambia, mnaogopa nini? Wote mbonyeze nyekundu siku tatu. Wakikosa watu watakuja kuuliza. Nilisema hivyo kwa sababu nilishaona ikifanya kazi. Mwaka ule hoteli iliponyima vibarua chakula cha mchana, wote waligoma, na siku ya pili Nahashon alikuja mwenyewe, akaketi palepale alipoketi Mishi, akanywa vikombe vitatu, akakuna kichwa, na chakula kikarudi. Nahashon alikuwa mla rushwa, lakini alikuwa na miguu ya kumleta benchini. Bi Zamu hakuja. Hakuona mgomo. Aliona watu wanane wasiotaka kazi hata wakiwa hawajafunga, akaita wengine, na Jumapili akajifunza. Toka siku ile Trei hajaitwa tena. Na asipoitwa hana pa kuonyesha kwamba anataka, na asipoonyesha haitwi.

Mimi: Trei.

Trei: Nyamaza, Mzee. Kidole kilikuwa changu.

Mimi: Mdomo ulikuwa wangu.

Trei: Tulikuwa watu wazima wanane. Hukumshika mtu mkono.

Mishi alikuwa anatusikiliza huku ameikumbatia leso yake. Saa kumi na dakika ishirini na tano. Nikawajazia vikombe ili mikono yangu ipate kazi, na dele likaanza kutoa sauti ya karibu kwisha.

Betri: Wazo. Trei, hamishia makao yako Kitui kwenye simu. Ujiite Alex.

Trei: Inapiga picha ya uso, Betri.

Betri: Uso ni uso. Hata Kitui kuna wenye uso kama wako.

Breki: Au nikupeleke sasa hivi, mbio, mpaka lango la hoteli. Ikuone uko karibu.

Trei: Nilishakaa langoni wiki mbili, kila alasiri. Askari wa pale alinionea huruma akanipa kiti.

Mishi: Na jina likifutwa, utafanya nini, mdogo wangu?

Trei: Shemeji yangu yuko Lunga Lunga. Wanapakua malori mpakani. Amesema nafasi ipo, kama mgongo upo.

Mishi: Una miaka mingapi?

Trei: Hamsini na mitatu.

Mimi namjua Trei tangu ameajiriwa. Anaweza kusimama nyuma ya meza ya watu kumi na kujua nani atataka maji kabla hajageuka. Mapafu yake hayavumilii vumbi. Malori ya mpakani hubeba saruji.

Simu ikalia.

Wote tulitazama goti la Trei. Breki alishasimama, ameshasema alhamdulillahi kwa sauti. Lakini kioo cha Trei kilikuwa kimya, na Gedion alikuwa ametia mkono mfukoni na hataki kuutoa.

Trei: Itoe, Gedion.

Gedion: Ni ya kwangu.

Trei: Nimesikia. Itoe.

Gedion: Jioni hii, mpaka kesho saa nane. Siendi. Nabonyeza nyekundu.

Trei: Usifanye hivyo.

Gedion: Nikikataa si itatafuta mwingine? Inaweza kukuita wewe.

Betri: Itanifikia mimi na Breki, ambao hata hatumo kwenye orodha, kabla ya kumfikia Trei. Watu mia tatu wako mbele yake.

Trei: Ukikataa itajifunza na wewe. Bonyeza kijani, mwanangu. Una mama yako.

Gedion akabonyeza. Akainua simu usoni ipige picha, na uso aliouonyesha siku ile natumaini mashine iliutunza. Kisha akabaki ameketi.

Gedion: Mzee Trei, Krismasi nitaenda Kitui. Lazima niende, mathe ni mgonjwa. Nani atanishikia?

Trei akaigeuza simu yake kifudifudi juu ya goti.

Gedion: Nitabonyeza nyekundu wiki nzima. Mimi na Virginia na wengine wote wa bara. Na nyinyi hamtakuwepo kutushikia. Itaona nini? Itaona hatutaki kazi. Manze, mwezi wa tatu mwakani ni mimi nitakuwa hapa na simu kwa goti.

Trei: Vaa shati. Utachelewa.

Gedion akaenda. Hakuaga kwa kelele zake za kawaida. Saa kumi na dakika thelathini na tano, halafu arobaini. Simu ya Trei ikatetemeka mara moja. Aliisoma, akampa Betri aisome kwa sauti, kwa sababu sisi ni watu wa benchi na habari ya mmoja ni ya wote.

Betri: "Ndugu Alamin, jina lako limeondolewa kwenye orodha. Tunaendelea kuboresha huduma zetu kwa ajili yako. Asante."

Breki alitukana tusi ambalo sitaliandika mbele ya Mishi, ingawa alilisema mbele ya Mishi.

Ndipo yule mama alipofungua leso. Ndani mlikuwa na mizani, ile ya sahani mbili, na mawe yake ya chuma ya kupimia, kila moja limepigwa mhuri mpya unaong'aa.

Mishi: Mniwie radhi, mimi ni mgeni, sikusoma. Nataka kuuliza tu nielewe. Hii ni chuma. Nimeirithi kwa mama yangu. Haijifunzi kitu, haijui nani amefunga, haijawahi kubadilika tangu nikiwa msichana. Na bado kila mwaka naitwa na serikali niilete ipimwe, wapime na mawe moja moja, ndipo wapige mhuri. Leo nimepanga foleni toka alfajiri. Nikikutwa na mhuri wa mwaka jana, nanyang'anywa.

Betri: Ndiyo, Mama.

Mishi: Sasa hiyo yenu inajibadilisha kila Jumapili. Ile karatasi ni ya mwezi wa kwanza. Hupimwa tena lini?

Betri alifungua mdomo. Nimemjua miaka kumi na moja na sijawahi kumwona akiufungua bila kitu kutoka. Breki akatazama upande wa Chale, akaona hata huko hakuna jibu. Mimi nikachochea jiko lisilohitaji kuchochewa. Aliyesema alikuwa Trei, na hakujibu, aliuliza.

Trei: Na mizani ikikutwa na kosa, dada, wanafanya nini?

Mishi: Wanaichukua mpaka itengenezwe.

Trei: Na yule aliyepunjwa kabla haijapimwa?

Mishi alifunga leso yake polepole, fundo la kwanza, fundo la pili.

Mishi: Huyo hakuna anayemtafuta, mdogo wangu.

Trei akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. Akaniomba kahawa. Nikainamisha dele na kilichotoka kilikuwa mashapo matupu, nusu kikombe, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona haya kumpa mtu. Alikinywa chote. Kisha akasimama, akaviokota vikombe vyetu vyote, sita, kwa mkono mmoja, akavipanga kati ya vidole vile wanavyofanya wao, akavileta mpaka miguuni pangu. Havikugongana hata kimoja.

Trei: Dada Mishi, njia yetu ni moja, ya Lunga Lunga yapita kwenu Msambweni. Nipe nikubebee hiyo mizani mpaka gari.

Mama aliyekataa mzigo wake uwekwe hata chini akampa. Trei akaupokea kwenye kiganja, akaunyanyua mpaka usawa wa bega, mgongo umenyooka, wakaondoka kupita mbele ya ukuta wenye nyuso. Breki aliwaita warudi awapeleke kwa pikipiki, bure. Hawakugeuka, nami nikamwambia akae chini.